Rangi Nyekundu Kwenye Tangi

Kwa miaka ishirini na saba alikuwa mtunza stoo wa hospitali, na kazi hiyo ilimwachia vitu viwili: goti linalouma na macho yasiyomwamini mtu. Shuka ikipungua, alijua. Sabuni ikikatwa, alijua, na mara nyingi alijua pia ni nani aliyeikata. Wafanyakazi walimwita Mama Stoo. Alipostaafu, jina likamfuata hadi mtaani, na hata watoto waliozaliwa baada ya yeye kukabidhi funguo walimwita hivyo hivyo.

Mdogo wake, mwanamume wa miaka hamsini na kitu, alikuwa na boti ya fiba yenye injini ya kupachika nyuma. Kila asubuhi alivusha walimu kwenda shule ya ng'ambo ya ghuba. Saa nane mchana alivuka tena na wauguzi wa zamu ya mchana, akarudi na walimu waliomaliza vipindi. Safari moja ilichukua kama nusu saa. Watu walimwita Kapteni.

Siku moja, akiwa ananyoa ndevu, kiharusi kilimpiga. Alipotoka hospitali mkono wa kulia na mguu wa kulia vilikuwa vimelala, na maneno yote yalikuwa yamemtoka kichwani isipokuwa moja: "basi." Akitaka maji alisema basi. Akikasirika, basi. Akimwona dada yake mlangoni, macho yake yalilowa, akasema, "Basi, basi, basi."

Boti ikabaki imefungwa gatini. Walimu wakaanza kuzunguka kwa barabara, mwendo wa saa mbili, wakifika shuleni wakati wanafunzi wamekwisha kupigana vya kutosha. Ndipo Mama Stoo akasema ataiendesha yeye.

"Wewe, wifi?" mke wa Kapteni alishangaa. "Na goti hilo?"

"Boti haiendeshwi kwa goti."

Kuongoza chombo alikujua tangu utotoni, maana yeye na mdogo wake walikua wakipiga makasia. Injini ndiyo ilikuwa ngeni kwake. Kwa hiyo Fundi Grisi, rafiki wa Kapteni wa miaka mingi, mtu mrefu mwenye kucha nyeusi ambazo sabuni ilishazikatia tamaa, alikuja kumfundisha. Kwa mchana mmoja alimwonyesha namna ya kuchanganya oili na petroli kwa kipimo, na namna ya kuubana ule mpira wa kwenye bomba la mafuta, wenye umbo la yai, mpaka uwe mgumu ndipo avute kamba ya kuwashia. Alimwonyesha kamba nyekundu ya kujifunga mkononi, ili akianguka majini injini izimike yenyewe.

"Na hapa nyuma, ikishawaka, tazama maji," alisema Fundi Grisi. "Lazima yatoke, membamba hivi, kama mtoto anakojoa. Yasipotoka, zima hapo hapo. Bila maji inaungua."

"Nimeelewa."

"Jioni uipitishie maji baridi ya bomba. Chumvi inakula vyuma." Kisha akaifutafuta injini kwa kitambaa, akasema kama anayejisemea, "Siku mkitaka kuiuza boti hii, dada, msimpe mtu mwingine. Mniambie mimi kwanza."

Maneno yale Mama Stoo aliyaweka mahali alipokuwa akiweka mambo ya watu waliouliza stoo inafungwa saa ngapi.

Miezi miwili ilipita bila tatizo. Injini iliwaka kwa mvuto wa pili, maji yakatoka nyuma, walimu wakafika kwa wakati. Mwalimu wa hesabu, mtu wa maneno mengi, alisema Kapteni alikuwa akiwavusha kama abiria, ila Mama Stoo anawavusha kama mali ya serikali, maana anawahesabu wakipanda na anawahesabu wakishuka.

Kisha Jumatatu moja mchana, wauguzi sita wakiwa ndani, injini ilikohoa katikati ya ghuba, ikapiga chafya mara mbili, ikazima.

Mama Stoo alivuta kamba. Kimya. Akavuta tena na tena mpaka bega likamuwaka. Ule mpira wa kwenye bomba ulikuwa umesinyaa, umekunjamana kama tende. Tishari, chombo kikubwa cha kubebea mchanga, lilikuwa linakuja kwa mbali, na mkondo ulikuwa unawasukuma kulielekea. Muuguzi mmoja alianza kuomba kwa sauti.

"Omba kimoyomoyo," Mama Stoo alimwambia, "nisikie injini."

Alifungua mfuniko wa tangi kuona kama mafuta yapo. Ulitoa sauti, fssss. Mafuta yalikuwepo, nusu tangi. Akarudisha mfuniko juu juu, akaubana ule mpira, ukajaa. Akavuta kamba. Injini ikawaka kana kwamba hakuna kilichotokea.

Siku hiyo ilienda vizuri mpaka mwisho. Jumanne vizuri, Jumatano vizuri. Alhamisi mchana, mahali pale pale, ikazima. Akafungua mfuniko, fssss, akachungulia, akaufunga juu juu, ikawaka. Jumatatu iliyofuata, vile vile.

Asubuhi haizimi. Jumanne haizimi. Jumatatu na Alhamisi mchana tu. Mama Stoo alikaa kitandani kwake, akachua goti kwa mafuta ya moto, akawaza. Injini haijui kalenda. Binadamu ndiye anayejua kalenda.

Na Jumatatu na Alhamisi ndizo siku ambazo mke wa Kapteni alikwenda kushona kwenye kiwanda cha sare, kuanzia saa nne mpaka saa saba na nusu. Na ndizo siku ambazo Fundi Grisi alijitolea kuja kukaa na mgonjwa.

Boti yenyewe ilibaki gatini na injini yake, imefungwa kwa mnyororo, mlinzi akiitazama. Lakini tangi Mama Stoo alilibeba kila akitoka safari ya asubuhi, akalifungia kwenye banda nyuma ya nyumba ya mdogo wake, kwa sababu mafuta hayakai gatini mchana kutwa bila kupata miguu. Banda lilikuwa na funguo mbili. Mmoja alikuwa nao yeye shingoni. Wa pili ulining'inia jikoni kwa wifi yake, kwenye msumari, wazi, mtu yeyote angeweza kuuchukua.

Tangu hapo hakumwambia Fundi Grisi lolote kuhusu injini. Walipokutana uani fundi alimuuliza, "Vipi dada, mashine inasemaje?"

"Iko salama."

"Hakuna shida?"

"Shida ya nini? Kuna mtu anategemea shida?"

Fundi alimtazama, akacheka kidogo, akaondoka. Kicheko kile Mama Stoo alikitafakari wiki nzima.

Akaenda kwa fundi mwingine, wa karakana iliyo karibu na kituo cha mafuta. Huyo aliiweka injini kwenye pipa la maji, akaiunganisha na tangi lake la karakana, ikanguruma saa nzima bila kusita. "Mama, hii nzima," alisema. Hata hivyo alibadilisha plagi zote, akasafisha kabureta, akamwuzia na bomba jipya. Alhamisi ikafika, na katikati ya ghuba injini ikazima, na plagi zake mpya na bomba lake jipya.

Sasa alikuwa na hakika kwamba kosa halimo kwenye injini, limo kwenye tangi. Mtu anatia kitu, labda maji, labda sukari, kiasi cha kutisha abiria bila kuua mashine, kwa sababu mashine yenyewe anaitaka. Abiria wakikimbia, boti itauzwa. Na ikiuzwa, nani aliomba aambiwe kwanza?

Akamshuku na wifi yake. Huenda amechoka kuuguza, anataka boti iondoke apate nafuu. Akamkumbuka alivyoshangaa siku ile: wewe, wifi? Mambo madogo madogo ya miaka kumi yakaanza kujipanga foleni.

Kitu pekee kilichomsumbua kwa namna nyingine ni mdogo wake. Siku hizi kila asubuhi alipopita kumjulia hali kabla ya kwenda gatini, Kapteni aliinua mkono wake mzima, wa kushoto, akabana kidole gumba na cha shahada, akavizungusha hewani. "Basi, basi." Mama Stoo alidhani anataka redio iongezwe sauti, akaiongeza. Kapteni alitikisa kichwa kwa hasira na kuzungusha tena. Akaipunguza. Kapteni akageukia ukutani.

"Kachoka," wifi yake alisema. "Mwache apumzike."

Nyumbani kwa Mama Stoo, katika droo ya binti yake aliyekuwa ameolewa mbali, kulikuwa na chupa ya rangi ya kucha, nyekundu, imebaki kidogo. Jumatano baada ya safari Mama Stoo aliingia nayo bandani. Alichora mstari mwembamba kuanzia kwenye mfuniko wa tangi kushuka mpaka kwenye tangi lenyewe. Mfuniko ukizungushwa hata kidogo, mstari utakatika. Ndivyo alivyokuwa akifanya kwenye madebe ya spiriti hospitalini, na mtu mmoja alipoteza kazi kwa sababu hiyo.

Alhamisi saa saba na nusu alifungua banda. Kipande cha juu cha mstari kilikuwa kimesogea upana wa kidole. Furaha ya kuwa sahihi na uchungu wa kuwa sahihi vilimjia kwa pamoja, akashindwa kujua kipi ni kipi.

Mchana huo injini ikazima tena, akaiwasha kwa njia ile ile, na hakumwambia mtu. Alisubiri Jumatatu.

Jumatatu hiyo alirudi kutoka safari ya asubuhi kama kawaida, akaweka tangi bandani, akamuaga wifi yake aliyekuwa anajifunga kitambaa cha kichwa ili aende kazini. Alipomwona amekata kona, alirudi kwa njia ya nyuma, akaingia bandani kupitia ubao uliolegea ambao yeye mwenyewe alikuwa ameulegeza jana yake, akajibanza nyuma ya maboya na makoti ya kuokolea yaliyoning'inia. Goti lilimlilia. Panya alipita juu ya kiatu chake, naye akamvumilia.

Saa tano hivi alisikia mlango wa jikoni. Kisha nyayo. Lakini hazikuwa nyayo za mtu mmoja. Ilikuwa hatua, kisha kitu kinachokokotwa, kisha pumzi nzito, kisha hatua tena.

Kufuli ikafunguliwa. Fundi Grisi aliingia akiinama, na begani kwake, mkono ukiwa umemzunguka shingo, alikuwa Kapteni. Kapteni ambaye daktari alisema asitoke kitandani bila watu wawili. Jasho lilikuwa linamtiririka, na uso wake ulikuwa unang'aa.

"Leo hatua thelathini na moja," Fundi Grisi alisema. "Alhamisi zilikuwa ishirini na sita. Kaa hapa. Polepole."

Alimketisha kwenye kigoda, akampa kabureta ya zamani na bisibisi. Kapteni aliishika kwa magoti, akaanza kufungua skrubu kwa mkono wa kushoto, huku fundi akimkunjulia vidole vya mkono wa kulia na kuvikandamiza juu ya chuma ili navyo vishike.

"Dada yako hana mfano," fundi alikuwa anasema. "Juzi nilikuwa gatini, nikamsikia anaondoka. Anapasha injini kwanza, haikurupushi. Ila hanipendi. Sijui nilimkosea nini."

"Basi," alisema Kapteni.

"Ndiyo, najua. Atakuja kunizoea."

Kisha Kapteni aliweka kabureta chini, akalivuta tangi karibu yake. Alilifuta vumbi kwa kitambaa. Aliushika mfuniko, akaona umelegea, akaukaza mpaka mwisho, mstari wa rangi ya kucha ukasogea mbele ya macho ya Mama Stoo. Halafu kwa kidole gumba na cha shahada akashika kiskrubu kidogo kilichokuwa katikati ya mfuniko ule, akakizungusha kuhakikisha kimefunga. Mzunguko ule ule. Ule wa redio.

Mama Stoo alitoka nyuma ya makoti. Fundi Grisi aliruka, akagonga kichwa kwenye boriti.

"Hicho ni nini?" aliuliza Mama Stoo.

"Dada! Umetokea wapi?"

"Hicho kiskrubu. Anachokizungusha. Ni cha nini?"

Fundi alimtazama, akatazama tangi, akatazama ule mstari mwekundu uliokatika. "Kipumulio," alisema. "Cha kupitisha hewa. Tangi likikaa, unakifunga, mvuke usijae ndani ya banda na unyevu usiingie. Ukienda majini unakifungua." Akamkazia macho. "Unakifungua, siyo?"

Mama Stoo aliinama, akakitazama kile kiskrubu kwa karibu.

"Dada, usiniambie."

"Hukunionyesha."

"Siku ile kilikuwa wazi! Kapteni aliugua kabla hajakifunga. Mimi..." Fundi alijishika kichwa, hakuna aliyejua ni kwa sababu ya boriti au kwa sababu nyingine. "Kwa hiyo imekuwa inazima?"

"Jumatatu na Alhamisi. Mchana."

"Baada ya dakika kumi, kumi na tano. Na ule mpira unasinyaa."

"Kama tende."

"Na ukifungua mfuniko unasikia inavuta pumzi, kisha inawaka. Na kwa kuwa hukazi mfuniko, hewa inapita pembeni, inakwenda siku mbili tatu. Halafu huyu bwana anakuja kukaza." Alichuchumaa mbele yake, akasema taratibu, bila dharau. "Umewahi kunyonya chupa laini ya maji bila kuitoa mdomoni? Inajikunja, maji hayaji. Injini inanyonya tangi lisilo na hewa. Ungeniuliza ningekujibu kabla hujamaliza swali. Nilikuuliza, dada. Ukasema iko salama."

Kapteni alikuwa akiwatazama wote wawili. Aliinua mkono wa kushoto, akabana vidole, akavizungusha upande wa kufungua, safari hii taratibu sana, kama mtu anayemfundisha mgeni salamu. "Basi," alisema.

Mama Stoo alikaa chini kwenye sakafu ya udongo, na gauni lake la kazi, goti na yote. Wiki zile zote mdogo wake alikuwa anamwambia kila asubuhi, fungua kipumulio, na yeye akimwongezea redio.

"Nilidhani unatia maji," alimwambia fundi. "Nilidhani unataka boti."

"Boti naitaka," alisema Fundi Grisi. "Ikiwa itauzwa. Ili siku akipona asiikute kwa mtu asiyemjua, ambaye hatampa hata usukani aushike." Alikuwa ameumia, na hakuficha. "Maji, dada? Kwenye tangi la huyu?"

"Nisamehe."

Fundi aliokota bisibisi, akaifuta, akairudisha mahali pake.

Hapo ndipo mlango ulipofunikwa na kivuli. Mke wa Kapteni alikuwa amerudi mapema, umeme ulikuwa umekatika kiwandani. Alimwona mume wake kwenye kigoda, mahali ambapo hakutakiwa kuwapo, akiwa na grisi mpaka kwenye kiwiko.

"Nani amemtoa?"

"Mimi, shemeji," alisema Fundi Grisi. "Wiki ya sita sasa."

"Wiki ya sita! Na akianguka? Mnajua anavyoanguka? Mimi ndiye ninayemwokota, si nyinyi. Mimi ndiye ninayelala jicho moja wazi." Aliwageukia wote, na alipomwona Mama Stoo chini sakafuni, alizidi kupandwa. "Na wewe wifi ulijua!"

Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu Mama Stoo alishtakiwa kwa jambo asilolifanya, na alishangaa jinsi linavyouma. "Sikujua," alisema. "Nilikuwa nimejificha nyuma ya makoti nikiwashuku. Na wewe nilikushuku."

Wifi yake alikuwa amejiandaa kwa uongo, si kwa jibu kama lile. Kisha Kapteni, akishika meza ya vifaa iliyokuwa kando kwa mkono wa kushoto, alisimama. Hakuna aliyemshika. Alisimama pale akiyumba kidogo, akamtazama mkewe, naye mkewe akaweka mkoba chini, akamkaribia, akaweka mikono pande zote mbili za kiuno chake bila kumgusa. Wakabaki hivyo mpaka alipochoka.

Mambo hayakutulia kwa siku moja. Mke wa Kapteni alimnunia kila mtu wiki nzima, kisha akamleta daktari wa viungo aangalie, na daktari akasema mazoezi yaendelee, ila kwa mkanda wa kumshikilia na kwa watu wawili kweli. Fundi Grisi aliendelea kuja, lakini alimsalimia Mama Stoo kwa ufupi. Mama Stoo hakumkimbilia kwa maneno matamu. Alimletea injini. Alimwambia, "Nifundishe upya, na mara hii usiniachie kitu chochote ulichokikuta wazi." Fundi alianza kwa kujikaza, lakini mtu anayeipenda kazi yake hawezi kununa huku anaieleza. Akamfundisha kukagua plagi kwa rangi yake, kubadilisha pini ya propela inapokatika kwenye mwamba, kupaka grisi, kusikiliza. Mama Stoo aliandika yote, na penye shaka aliuliza mara tatu. Saa nyingine aliuliza ili kuona kama jibu litabadilika. Tabia ya miaka ishirini na saba haiondoki kwa kuaibika mara moja.

Kabla ya kila safari sasa alisimama nyuma ya boti, akafungua kipumulio, akasema kwa sauti, "Wazi," na mwalimu wa hesabu akazoea kumwitikia, "Wazi!" ingawa hakujua ni nini kilicho wazi.

Jumapili moja ya maji kujaa, siku ambayo hakuna walimu wala wauguzi, walimteremsha Kapteni gatini kwa kiti cha magurudumu. Fundi Grisi na mlinzi walimbeba mpaka ndani. Mkewe alikaa mbele, amevaa makoti mawili ya kuokolea, moja juu ya jingine, akishika ukingo kwa mikono yote, kwa sababu maisha yake yote alikula kwa boti hiyo bila kuipanda. Mama Stoo alishika usukani. Waliondoka polepole.

Walipokuwa wamepita boya la kwanza, Kapteni, aliyekuwa amekaa karibu na injini, alikunja uso. Alijipinda, akanyoosha mkono wa kushoto nyuma, akauweka chini ya ule mchirizi wa maji, uliokuwa umebaki matone ya moto. Akautoa haraka. Akampiga dada yake begani.

Mama Stoo alizima hapo hapo, hakuuliza. Boti ikatulia, mawimbi madogo yakipiga ubavuni.

"Nini tena?" mkewe alipaza sauti kutoka mbele. "Nilijua! Nilijua mimi!"

Fundi Grisi aliinua injini kutoka majini. Kwenye mguu wake, pale maji yanapoingilia, mfuko wa nailoni ulikuwa umejinata, umeziba matundu yote. Aliubandua, akauinua juu wote wauone.

"Mimi sikusikia kitu," alisema Mama Stoo.

"Hata mimi," alisema fundi.

Kapteni aliuchukua ule mfuko, akaukamua, akaukunja mara nne kwa mkono mmoja juu ya paja lake, akaukalia usipeperuke. Kisha akamwonyesha dada yake kwa kidevu: vuta kamba, twende.